Fundi Vioo Chini ya Mpira

"Hivi mdogo wako siku hizi ameingia dini gani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo akiwa anaanua nguo, vibanio viko mdomoni. Hakuuliza kwa ubaya. Anatujua sisi ni watu wa sala, basi akaona aulize pale pale kwenye kamba.

"Kwa nini unauliza?" nikamwambia.

"Kila jioni namwona nyuma ya karakana. Amesimama peke yake, amekunja magoti kidogo, mikono ameiweka juu ya paji la uso, anatazama juu kupitia vidole. Anakaa hivyo weee. Halafu anasukuma hewa. Halafu anaanza tena. Nikasema labda ni maombi ya namna mpya, niulize kabla watu hawajaanza kusema."

"Anajifunza mpira wa wavu."

Kibanio kimoja kikamdondoka. "Na umri ule?"

"Na umri ule."

"Basi mwambie mpira wenyewe haupo."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Lakini nilipopanda chumbani kwangu nilifikiri, jirani hakukosea sana. Kama sala ni mtu kusimama mikono mitupu akingoja kitu kitoke juu, basi mdogo wangu alikuwa anasali.

Mdogo wangu ni fundi vioo. Karakana yake iko chini, sisi tunakaa ghorofani, yeye na binti yake vyumba vya mbele, mimi chumba cha mwisho karibu na jiko. Ukiingia karakana mchana utadhani umeingia ndani ya maji. Vioo vimeegemea ukuta, kimoja nyuma ya kingine, kingo zake za kijani, na jua likipita hapo linaacha mabaka ya mwanga yanayotembea polepole darini. Mimi hufuma sweta za watoto wa shule. Mara nyingi nashuka na sindano zangu kukaa humo, maana macho yangu yanapenda mwanga ule, na usingizi wa mchana unanijia vizuri.

Katika kukaa kwangu nimeona mambo mawili ya kazi yake. La kwanza, kioo hakiguswi kwa ncha za vidole. Ncha huacha alama, na mteja akiona alama ya kidole kwenye dirisha jipya, haoni tena dirisha. Kwa hiyo mdogo wangu hushika kwa viganja, vidole amevirudisha nyuma kama mwanamke aliyepaka rangi kucha anangoja zikauke. Hata kikombe cha chai anakishika hivyo. La pili, kioo kikubwa hubebwa na watu wawili, na anayepokea lazima aseme, "Nimeshika." Mpaka neno hilo lisikike, anayetoa haachii, hata mkono uwe unatetemeka. Ameishi hivyo tangu ujana, na hajapata kudondosha kioo cha mtu.

Wifi yangu, mkewe, tulimzika msimu wa mvua uliopita. Mungu amlaze pema. Alikuwa mwanamke wa maneno, na nyumba yenyewe ilimhitaji awe hivyo, kwa kuwa baba na binti wote wawili ni watu wa kimya. Yeye alisimama pale katikati, kati ya karakana na jiko, akipokea la huyu na kulipeleka kwa yule. Neno la baba lilimfikia mtoto limeongezwa sukari, na la mtoto lilimfikia baba limepunguzwa pilipili. Alipoondoka, hakuna aliyegombana na mwenzake. Walikuwa na adabu tu.

"Chai ipo."

"Asante."

"Nimefunga mlango wa chini."

"Haya."

Wageni walisema nyumba hii ina amani. Mimi niliyekaa humo niliona ni ile amani ya watu waliokaa kwenye benchi wakingoja kuitwa na daktari.

Binti ni mrefu, amemzidi baba yake kichwa kizima, na wenzake wanamwita Mlingoti. Kwa kazi anauza kwenye duka la dawa. Siku moja alinikuta jikoni, akasimama akichezea mfuniko wa sufuria.

"Shangazi, mama mdogo amenitafutia kazi kule kwao. Duka kubwa. Mwezi ukiisha naondoka. Mwambie baba."

"Yuko hapo chini. Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Mwambie wewe, shangazi. Wewe unajua kuanza."

Nikashuka. Mdogo wangu alikuwa ameinamia meza, anakata. Nikamwambia. Hakuinua kichwa.

"Mwambie sawa," akasema.

Akaendelea kuvuta kile kikatio, na alipogonga kioo ili kiachane kwenye mstari, kikapasuka kwenda upande mwingine kabisa. Alikitazama kana kwamba si kazi ya mikono yake. "Mwambie ni vizuri," akaongeza.

Nilipanda ngazi na maneno yale. Nikayafikisha kama nilivyopewa. Binti akasema, "Haya," akaingia chumbani kwake, na mlango ukajifunga bila sauti. Usiku ule nilimweleza Mungu ukweli wangu, kwamba kazi ya wifi siiwezi. Mimi nabeba neno tu, silipashi moto. Nilichoogopa ni hiki: binti ataondoka akiamini baba yake hajali, na baba atabaki akiamini binti hakuona haja ya kumwuliza. Wataagana mlangoni kama wapangaji wawili, na ukimya ule utabaki hapo mpaka uzeeke.

Sasa, nyuma ya ghala la mbao kuna uwanja. Ardhi yake ni laini kwa sababu ya vumbi la mbao linalopeperushwa na upepo, ukikanyaga husikii mguu wako. Hapo ndipo watu wa mtaa wetu hucheza wavu jioni, wanaume kwa wanawake, hakuna kombe wala nini, ni kunyoosha mwili tu. Kiongozi wao ni msusi mwenye saluni pale kwenye kona, mama mnene mwepesi, aliyekuwa anachezea timu ya kiwandani enzi zake. Mimi nawashonea wavu unapochanika, kwa kuwa anayejua kufuma hashindwi na fundo.

Siku msusi alipokuja kuuchukua alikuwa ananung'unika kwenye ngazi. Seta wao, muuguzi mmoja mtulivu, alikuwa amehamishwa kikazi. "Sasa kila mtu anainua anavyotaka," akasema. "Mlingoti anaruka bure. Anapanda juu kule, anafika, hakuna kitu. Anashuka."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni pa karakana anajifuta mikono. "Seta anafanya nini hasa?"

"Anamwinulia mwenzake mpira ili aupige. Kazi yake ni hiyo. Mlingoti akiruka, mpira unatakiwa uwe umefika pale, umetulia, kama umening'inizwa na uzi."

Aliendelea kujifuta mikono ambayo ilikuwa imeshakauka. "Nifundishe," akasema.

Msusi alinitazama mimi kwanza, kama anauliza mgonjwa ana ruhusa. Halafu akasema, "Njoo kesho. Vaa viatu vyepesi."

Alikwenda na viatu vya kazini. Mimi nilikaa juu ya mbao na ufumaji wangu. Binti alipomwona baba yake anaingia uwanjani alisimama, akaangalia pembeni, akaanza kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Msusi akamweka katikati. "Inua mikono juu ya paji la uso. Tanua vidole. Gumba na gumba, shahada na shahada, zikaribiane. Umepata dirisha la pembe tatu. Mpira ukija, utazame kupitia dirisha."

"Dirisha la pembe tatu," mdogo wangu akasema. "Kazi yangu yote sijapata mteja wake."

Watu wakacheka, na mimi niliona binti ameuma mdomo asicheke. Nikashukuru kwa hilo peke yake.

Lakini mpira ulipokuja, mambo yalikuwa mengine. Vidole vikarudi nyuma vyenyewe. Mpira ukatua kwenye viganja, paa, ukaruka huku ukijizungusha kama umefukuzwa.

"Umesikia ulivyolia?" msusi akamwuliza. "Mpira ulioguswa vizuri haulii, wala hauzunguki. Huu umeupiga kofi. Tumia vidole. Viganja visiuone."

Akajaribu tena. Ukalia. Tarishi, mpeleka barua wetu, mtu asiyeweza kukaa na mzaha tumboni, akasema, "Fundi, huku tunacheza wavu. Hatubebi trei ya chai."

"Mwache," msusi akasema.

Na pale alipofanikiwa kuutuliza, aliushika. Hakuudaka kabisa, hapana, ila aliukawiza. Mpira ulikaa kwake kitambo kidogo mno, mtu wa nje asingeona, lakini filimbi ya msusi iliona. "Umebeba, ni kosa." Binti alikuwa amesharuka. Alipanda mzima mzima, mkono nyuma, akafika kule juu, hakuna kitu, akashuka.

"Samahani," baba akasema.

"Hakuna neno," binti akasema.

Ni sauti ile ile ya jikoni.

Ndipo zikaanza zile jioni alizoziona jirani. Msusi alimwambia afanye umbo bila mpira mpaka mwili uzoee: miguu imeachana, mmoja mbele kidogo, magoti laini, viwiko nje, vidole juu, kisha unasukuma kutoka miguuni mpaka kwenye ncha za vidole, kama mtu anayejinyoosha akiamka. Nilikuwa namwona kutoka dirishani. Nyuma yake vioo vilivyoegemea ukuta wa nje vinashika rangi ya jioni, na ndani ya kila kioo kuna mdogo wangu mwingine ameinua mikono, wote wanasukuma hewa pamoja, bila sauti. Mara nyingine nilishindwa kujua yupi ni wa kweli. Wakati mwingine niliona pazia la chumba cha binti linasogea, halafu linatulia.

Msusi hakuchoka, lakini alianza kupata mashaka. Jioni moja alimsimamisha, akamshika vidole kimoja kimoja kama anahesabu mahindi. "Hivi ni vizima. Havina ugonjwa. Kwa nini vinakimbia?" Akafikiri. "Mimi mtu akija kuoshwa kichwa, situmii kucha, situmii kiganja. Natumia hapa," akamgusa pale penye nyama ya kidole. "Laini, lakini pana nguvu. Umewahi kumwosha mtu kichwa, fundi?"

Mdogo wangu alivitazama vidole vyake. Vumbi la mbao lilikuwa linaelea kwenye mwanga, halishuki wala halipandi.

"Nimewahi," akasema.

Sisi tuliokuwa nyumbani kipindi kile tulijua. Wifi yangu alipoishiwa nguvu za kukaa, mdogo wangu ndiye aliyemwosha nywele, mwenyewe, kitandani, kichwa kimelala ukingoni. Binti ndiye aliyeshika beseni. Aliugeuzia ukuta uso wake, akalishika beseni lisitikisike mpaka maji yakaisha. Binti sasa alikuwa upande wa pili wa wavu, mpira ukiwa kwapani. Aliacha kutembea.

"Basi hivyo," msusi akasema. Nafikiri aliona ameingia chumba cha watu, akashusha sauti. "Hivyo hivyo. Mwanangu, mrushie."

Binti alirusha. Mpira ulipanda polepole, ukapita kwenye jua, ukawa kama hauna uzito. Mdogo wangu aliingia chini yake mapema, akakunja magoti, na vidole vyake, Mungu ni shahidi, vikafunguka vyote. Mpira ulitua ukaondoka na sikusikia chochote. Ulikwenda juu haujizungushi, mshono wake unaonekana, ukaning'inia pale karibu na wavu. Hakuna aliyeupiga. Wote walikuwa wanautazama.

"Haya, tumeganda hivi, tupigwe picha basi," Tarishi akasema, na mchezo ukaendelea.

Kwa hiyo vidole vilipona. Kubeba hakukupona. Kila binti aliporuka, baba alikawia kuachia. Kwa wengine aliinua vizuri. Kwa Tarishi aliinua vizuri. Kwa binti yake, filimbi. Na mwezi ulikuwa unakwisha. Sanduku lilikuwa limeshatolewa juu ya kabati, liko wazi kitandani, na mimi nilikuwa nimeanza kufuma sweta ambayo haikuwa ya mtoto wa shule.

Jumamosi ya mwisho walikuja kucheza nao watu wa kiwanda cha mikate, vijana wenye mabega, wananukia hamira. Mtaa mzima ulikuja kukaa kwenye mbao. Jirani yangu alikuja na mto wa kukalia.

"Nimekuja kuona ibada," akaniambia.

"Kaa, usianze."

Mchezo ulienda huku na huku. Msusi alipokea kila kitu, Tarishi alijirusha chini kama kitambaa. Lakini pale kwenye kona ya wavu, kati ya baba na binti, filimbi ya mwamuzi ililia, ikalia tena. Waoka mikate walianza kutabasamu. Mmoja akasema, "Huyu mzee anaulea mpira au anaucheza?"

"Analea," mwenzake akajibu. "Ataunyonyesha sasa hivi."

Mdogo wangu alisikia. Alishusha mikono, akaitazama. Nilimjua, alikuwa karibu kumwambia msusi amtoe. Msusi mwenyewe alikuwa amemtazama mtu wa akiba aliyekaa pembeni.

Ndipo binti akauliza, hakumwuliza mtu fulani, aliuliza tu hewani: "Kwa nini wengine anawaachia?"

Tarishi akajibu, akifuta vumbi magotini. "Sisi tunapiga kelele. Tunaita, 'Hapa, fundi, hapa.' Wewe unaruka kama paka."

Binti alimgeukia baba yake. Alimtazama moja kwa moja, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Yeye amekulia karakana. Tangu yuko mdogo alikuwa anashika upande wa pili wa kioo, mama yake akimpigia kelele asijikate. Nikaona jambo limemfikia usoni kabla halijafika mdomoni.

"Baba, unangoja niseme?"

Mdogo wangu alifikiri kwa makini, kama anapima. "Inawezekana," akasema. "Mikono inangoja. Mimi sikujua."

"Haya," binti akasema. Lakini hii haikuwa haya ya jikoni.

Mpira ukaja kutoka upande wa pili, wa nguvu. Msusi akaupokea, ukapanda, ukaanza kumshukia mdogo wangu. Aliingia chini yake. Binti alikimbia, akaruka, na akiwa bado anapanda, mkono hauna kitu, mpira haujafika popote, akasema kwa sauti ya wazi ambayo watu wote tuliisikia:

"Nimeshika."

Na mikono ikaachia. Palepale. Mpira uliondoka kwenye vidole vyake kama pumzi, kimya, haujizungushi, ukaenda mahali ambapo binti alikuwa anakwenda, na wakafika pamoja. Alipoupiga, waoka mikate hawakusogea. Uliacha shimo kwenye vumbi la mbao.

Watu walicheka kwanza kwa sababu ya lile neno, maana aliyesema ameshika alikuwa bado hajashika kitu. Halafu walipiga makofi. "Nimeshika," Tarishi akaiga kwa sauti nyembamba, akajifanya anaruka. Tangu hapo kila mara ilikuwa hivyo. Nimeshika, na mpira umeondoka. Nimeshika, na mpira umeondoka. Mimi niliacha kufuma. Jua lilikuwa limelala juu ya uwanja, na vumbi lilielea, na ile sauti ya msichana ikipanda kila mara kabla ya mpira, ikanijia kama kitu ninachokiota nikiwa macho. Waoka mikate walishinda mwishoni, kwa tofauti ndogo. Sikuona mtu wa upande wetu aliyejali.

Watu walipotawanyika nilibaki kufungua wavu. Baba na binti walikaa juu ya mbao, chupa ya maji kati yao. Nilikuwa upande wa nguzo, mafundo yamekaza, siwezi kuondoka hata kama ningetaka.

"Baba," binti akasema. "Ulisema sawa."

"Nilisema."

"Ni sawa kweli?"

Alinywa maji. Alikuwa ameishika chupa kwa ncha za vidole, sijui kama mwenyewe alijua. "Sikuwa na neno lingine karibu," akasema. "Nilidhani umeshaamua, nikaona nisikuzibie njia."

"Sikuwa nimeamua. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Na mimi nilingoja uniambie mwenyewe. Alikuja shangazi yako."

"Shangazi hajui kuongeza sukari."

"Hajui," mdogo wangu akakubali, na wote wawili wakageuka kunitazama pale kwenye nguzo, nikajifanya naongea na fundo.

Wakageukiana tena. Kisha binti akasema, taratibu, kwamba anataka kwenda. Anaitaka kazi ile. Alisema pia anaogopa kwenda, na anaogopa kumwacha baba na vioo peke yake. Alisema yote mawili, na sauti haikumkatika. Nilifikiri mdogo wangu atarudi kwenye ukimya wake. Nikamwomba Mungu pale pale, wavu mikononi.

"Nenda," akasema. "Kule ni kuzuri, na mama yako mdogo ana moyo mweupe. Mimi nitakuwepo. Nina kazi, nina msusi wa kunipigia filimbi." Akaweka chupa chini. Ilimchukua muda, na binti hakumharakisha. "Ila nina ombi moja."

"Sema, baba."

"Ukifika nipigie simu mwenyewe, usimpigie shangazi. Uniambie umekula nini, umelala wapi, nani amekuudhi. Uniambie yote, usifupishe. Nikikaa kimya kwenye simu usikate, nisubiri kidogo."